Bei ya hewa Korbesa: lipia kipimo kwanza, mashine baadaye

Swali la kwanza ambalo mteja humuuliza fundi wa viyoyozi ni bei, na jibu ambalo fundi huwa nalo mdomoni ni bei ya mashine. Mombasa, jibu hilo linaweza kumwachia mteja chumba chenye baridi na kabati lililoota ukungu. Korbesa, linaweza kummalizia maji ya kunywa.

Korbesa ni kijiji cha kaunti ndogo ya Merti, Isiolo, kilomita zipatazo 200 kutoka makao makuu ya kaunti, katika bonde la mto Ewaso Nyiro unapoelekea kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Wakazi wengi ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Joto la mchana huvuka nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Mvua za ganna hutarajiwa kati ya Machi na Mei, za hagaya kati ya Oktoba na Desemba, na kinachobaki ni kiangazi. Ndani ya kiangazi hicho midomo hupasuka, watoto hutokwa na damu puani, mbao za milango hujikunja na kuacha nyufa, na vumbi hupita kwenye nyufa hizo hadi kwenye unga.

Nyumba ya jadi ya wafugaji wa huku, ile ya fito na nyasi au mikeka inayojengwa na akina mama, ilikuwa na jibu lake. Ilipitisha upepo, haikuhifadhi joto, na usiku ilipoa upesi. Nyumba ya bati na saruji ina faida zake nyingi: mchwa hawaiwezi, mvua haipenyi, mlango unafungwa kwa kufuli. Lakini saa nane mchana bati limeshika moto, na kama hakuna dari chini yake, aliye ndani anapokea joto lote kichwani. Mwalimu aliyepangiwa shule ya huku, mhudumu wa zahanati, mwenye duka, mfanyabiashara wa mifugo aliyejenga nyumba ya kudumu, kijana aliyerudi kutoka Ghuba akiwa amezoea chumba chenye kiyoyozi: hao ndio wanaompigia fundi simu. Wana haki ya kulala. Wana haki pia ya kuambiwa ukweli kuhusu wanachonunua.

Watu wengi hudhani kiyoyozi kilibuniwa ili kuleta baridi. Mwaka 1902, mhandisi kijana wa Marekani aitwaye Willis Carrier alipewa kazi na kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms, Brooklyn. Karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea kadiri unyevu wa hewa ulivyobadilika, hivyo rangi moja ikichapwa leo na nyingine kesho, picha haikulingana. Mteja hakuomba ubaridi wa wafanyakazi. Aliomba unyevu wa hewa ushikwe mahali pamoja, na mtambo alioubuni Carrier ulifanya kazi hiyo. Biashara nzima ya viyoyozi imetoka kwenye suala la unyevu, na fundi anayelisahau anauza nusu ya kazi yake.

Pwani, suala hilo liko wazi kwa kila mwenye nyumba. Hewa ya Mombasa mara nyingi hubeba unyevu wa asilimia 70 na zaidi. Nguo zilizokunjwa hutoa harufu, jalada la kitabu huota madoa, rangi ya ukuta hubambuka. Fundi wa haraka huuza kiyoyozi kikubwa kupita chumba, kwa sababu kikubwa kina faida kubwa na mteja hufurahia baridi ya ghafla. Kiyoyozi hicho hupoza hewa kwa dakika chache kisha hujizima kabla hakijapata muda wa kuitoa unyevu. Mtu anabaki amelala kwenye chumba baridi chenye majimaji, na ukungu unaendelea kukua nyuma ya kabati. Pale kazi ni kuondoa maji hewani, na mashine ndogo inayofanya kazi kwa muda mrefu huwa bora kuliko kubwa inayowaka na kuzima.

Korbesa ni kinyume. Hewa ya kiangazi haina maji ya kutosha. Kiyoyozi cha kawaida kitaipoza na kuzidi kuikausha, tena kwa umeme mwingi. Kile cha BTU 12,000, ambacho mafundi hukiita cha tani moja, huvuta karibu kilowati nzima kinapofanya kazi kwa nguvu zote. Merti ni miongoni mwa vituo vya Kenya Power vilivyo nje ya gridi ya taifa, na Isiolo ni moja ya kaunti 14 zilizowekwa kwenye mradi wa sola wa KOSAP ulioanza mwaka 2017 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia. Nyumba inayotegemea paneli zake yenyewe haiwezi kulisha kiyoyozi usiku kucha bila betri ambazo gharama yake hupita ya kiyoyozi chenyewe.

Ndiyo maana wenye ujuzi huelekeza macho kwenye feni ya maji: sanduku lenye feni, pampu ndogo, tangi na vitambaa au karatasi nene zinazoloweshwa. Hewa kavu hupita kwenye vitambaa hivyo, maji hugeuka mvuke, joto linashuka na unyevu unapanda kwa wakati mmoja. Mashine ya namna hii huenda na wati 150 au 200, kiasi ambacho mfumo wa sola wa kadiri unaweza kukibeba. India, Iran na Iraki wamezitumia kwa miongo mingi kwenye majimbo yao makavu.

Na Korbesa wenyewe wanaijua kanuni yake bila kufundishwa. Itazame jerikeni ya maji iliyovishwa gunia na kuwekwa kivulini. Gunia humwagiwa maji asubuhi, upepo hupita juu yake, na maji ya nje yanapokauka huchukua joto la maji ya ndani. Ukilipapasa, upande unaoelekea upepo ni baridi kuliko upande uliojikinga, na ukingo wa juu, ambako gunia limekauka kabisa, umebaki na mistari myeupe ya chumvi. Kila kitu ambacho fundi anahitaji kujua kuhusu feni ya maji kiko kwenye gunia hilo: inahitaji upepo, inahitaji hewa kavu, inakula maji, na inaacha chumvi.

Sasa tuje kwenye kipimo, kwa sababu bei inatoka huko. Chukua vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kivishe kitambaa cha pamba nchani, kiloweshe kwa maji yaliyokaa chumbani, kisha kipepee kwa kipande cha katoni kwa dakika tatu hadi tano. Utaona kikishuka, kisha kikitulia. Soma vyote viwili. Tuseme kikavu kinaonyesha nyuzi 35 na chenye kitambaa nyuzi 21. Pengo ni nyuzi 14, maana yake hewa ina unyevu wa karibu asilimia 28 tu. Feni ya maji iliyofungwa vizuri inaweza kula asilimia 80 hivi ya pengo hilo, na hewa itatoka kwenye sanduku ikiwa na nyuzi 24. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu aliyekuwa kwenye 35.

Peleka vipimajoto hivyo hivyo Mombasa. Kikavu nyuzi 32, chenye kitambaa 27. Pengo ni tano. Mashine ileile itatoa hewa ya nyuzi 28, iliyojaa mvuke, ndani ya nyumba ambayo tayari ina mvuke wa kutosha. Anayeiuza huko kama mbadala wa kiyoyozi anamdhuru mteja.

Kipimo kirudiwe alfajiri, kwa sababu hewa ya Korbesa saa kumi na moja asubuhi siyo ile ya saa nane mchana, na mteja aulizwe nyumba ikoje msimu wa mvua. Fundi apime pia urefu na upana wa chumba, aangalie kama kuna dari, jua la jioni linapiga ukuta gani, na upepo unaingilia wapi. Jambo linalosahaulika zaidi ni njia ya hewa kutoka. Kiyoyozi hupenda chumba kilichofungwa. Feni ya maji hutaka dirisha la upande wa pili liwe wazi, la sivyo mvuke hujaa chumbani, pengo la vipimajoto hufa, na baada ya saa moja mtu anatokwa na jasho kuliko mwanzo. Kama chumba kina dirisha moja tu, kazi inajumuisha kutoboa tundu la pili na kuliwekea wavu wa mbu. Tundu hilo lina gharama, na lazima lionekane kwenye karatasi ya bei.

Kinachoniumiza moyo kwenye makadirio mengi ya kazi hizi ni kwamba maji hayatajwi kabisa.

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la karibu wati 670 kwa saa nzima. Kwa hiyo feni ya maji inayostahili jina lake katika chumba cha kuishi inaweza kutumia lita nne kwa saa kwenye hewa kavu. Iendeshe saa nane, ni lita 32. Maji ya visima vya huku yana jambo lake: hifadhi kubwa ya maji ya chini ya ardhi ya Merti, ile inayotegemewa hadi kwenye kambi za Dadaab, ina sehemu ya kati yenye maji baridi na kingo zenye chumvi. Maji yakikauka kwenye vitambaa, chumvi haiondoki. Hubaki, hushikana, hugeuka magamba meupe magumu yanayoziba vitundu vya hewa na kukwamisha pampu. Kinga yake ni kumwaga sehemu ya maji ya tangi kila siku na kuweka mapya. Ongeza lita nane za kumwaga. Jumla ni lita 40, yaani jerikeni mbili kila siku.

Viwango vya Sphere vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini wakati wa dharura. Jerikeni hizo mbili, kwa hiyo, ni haki ya watu wawili na zaidi. Na tazama msimu unavyokwenda: mashine hufanya kazi vizuri kabisa wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu kupindukia, ambao ndio wakati mto umekatika na foleni ya kisimani ni ndefu. Maji yanapokuwa tele, mvua ikinyesha, hewa imeshiba unyevu na mashine haina kazi ya maana. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini mwa Kenya. Katika miaka kama hiyo, mashine inayokunywa lita 40 kwa siku itazimwa, na inapaswa kuzimwa.

Fundi muungwana atayaandika haya. Ataandika: mashine hii itatumia jerikeni mbili kwa siku, jerikeni ikiuzwa Sh10, ni Sh600 kwa mwezi, ikifika Sh50 wakati wa ukame, ni Sh3,000 kwa mwezi. Ataandika pia kwamba vitambaa vitahitaji kubadilishwa na kwa kiasi gani, na kwamba tangi lisiachwe na maji yaliyotulia wiki nzima, kwa sababu mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hupenda kutaga kwenye maji ya vyombo vya nyumbani. Maji yaliyomwagwa yasipotee ardhini bila faida: kama chumvi yake si kali, mti wa kivuli ulio upande wa magharibi wa nyumba utayapokea.

Sasa hesabu ya kazi yenyewe. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, za kumwonyesha msomaji njia. Bei za soko hubadilika, njia haibadiliki.

Tuseme fundi anatoka mjini Isiolo na msaidizi mmoja kwenda kufunga feni moja ya maji Korbesa. Mashine Sh24,000. Kusafirishwa kwake kwa lori Sh3,500. Waya, swichi, bomba, fremu ya dirisha na wavu Sh6,500. Siku ni tatu: ya kwenda, ya kazi na ya kurudi. Fundi akijilipa Sh2,000 kwa siku na msaidizi Sh1,000, ujira ni Sh9,000. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Sh4,000, chakula na malazi Sh2,000. Hadi hapo ni Sh49,000, na hakuna hata senti ya faida.

Fundi huyo ana kibanda anacholipia kodi, leseni ya kaunti, simu, vifaa vinavyochakaa, siku za kukaa bila kazi. Tuseme gharama hizo ni Sh30,000 kwa mwezi, na katika mwezi ana siku 15 tu ambazo mteja anazilipia. Kila siku ya kazi inapaswa kubeba Sh2,000. Siku tatu, Sh6,000. Tumefika Sh55,000. Kisha kuna kurudi. Pampu itakwama, waya utalegea, mteja atapiga simu. Ikiwa kazi moja kati ya tano itamrudisha Korbesa kwa gharama ya Sh10,000, basi kila kazi iweke akiba ya Sh2,000. Jumla Sh57,000.

Hapa ndipo mafundi wengi, hata wale hodari wa mikono, huumia. Anataka faida ya asilimia 20, kwa hiyo anazidisha 57,000 kwa asilimia 20 na kuongeza Sh11,400. Bei inakuwa Sh68,400. Anaamini amepata asilimia 20. Gawanya 11,400 kwa 68,400: ni chini kidogo ya asilimia 17. Anayetaka asilimia 20 ya bei hugawanya gharama kwa 0.8, na bei inakuwa Sh71,250. Kama yumo kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, ile ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliiweka kwa biashara zenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, kodi hiyo hutozwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida. Basi agawanye kwa 0.77. Bei ni karibu Sh74,000.

Mteja akisikia Sh74,000 kwa mashine inayouzwa Sh24,000 dukani, atashtuka, na simlaumu. Lakini fundi aliyezoea kazi za Bula Pesa, pale mjini, ambako anamaliza kabla ya adhuhuri na kurudi nyumbani kwa bodaboda, atataja Sh40,000 kwa mazoea. Atakuwa ameingia hasara kabla hajapanda gari. Na fundi aliyeingia hasara hana nguvu ya kurudi pampu ikikwama. Simu haitashikwa. Mteja atabaki na sanduku la plastiki lililojaa vumbi na atauapiza ufundi wote. Rahisi ni ghali, na Korbesa ughali wake hupimwa kwa kilomita.

Njia ya kushusha bei ipo, na haipitii kwenye kumnyima fundi ujira. Angalia tena mfano wetu: siku mbili za safari zinachukua Sh6,000 za ujira, Sh4,000 za nauli na Sh4,000 za gharama za kibanda. Hizo Sh14,000 hulipwa ziwe nyumba moja au nyumba nne. Zikiwa nyumba nne, kila moja hubeba Sh3,500, na bei ya nyumba hushuka kutoka karibu Sh74,000 hadi Sh60,400 hivi, faida ya fundi ikiwa ileile kwa asilimia. Walimu wa shule moja wanaweza kukubaliana. Kikundi cha akina mama kinaweza kuagiza pamoja. Fundi mwenyewe anaweza kutangaza kwamba atakuwa Merti na Korbesa wiki fulani, na kukusanya kazi kabla ya kuondoka Isiolo. Nashangaa jambo hili halifanywi zaidi, maana wafanyabiashara wa mifugo wamelijua tangu zamani: hakuna anayekodi lori kwa ajili ya mbuzi mmoja.

Malipo nayo yana adabu yake. Mashine na vifaa vilipwe kabla ya safari, kwa M-Pesa na kwa risiti, kwa sababu fundi hana mtaji wa kumkopesha kila mtu. Ujira ulipwe kazi ikishajaribiwa mbele ya mwenye nyumba. Kwa mteja anayetaka kulipa kidogo kidogo, fundi akumbuke yuko kwa Waislamu ambao hawataki riba. Bei ya awamu itajwe siku ya kwanza, ijulikane ni kiasi gani na kwa miezi mingapi, na isiongezeke kwa kuchelewa. Kwa mfugaji, mwezi wa kulipa uandamane na soko la mifugo. Kumdai katikati ya ukame ni kumlazimisha auze mnyama aliyekonda kwa bei ya kutupa.

Yote hayo yatafaa kitu ikiwa fundi amelipwa kwa kupima. Fundi anayekagua bure hula kwenye mashine peke yake, kwa hiyo atauza mashine hata pale ambapo haihitajiki. Njaa yake inamsukuma. Nyumba nyingi za Korbesa zingepata nafuu kubwa kwa kazi ambazo hazina umeme wala maji: dari ya bodi chini ya bati, matundu ya kutolea joto juu ya ukuta, baraza upande wa jua la jioni, chokaa nyeupe juu ya bati. Fundi anajua haya. Akiyasema bure, amejinyima chakula. Akitoza ada ya ukaguzi, tuseme Sh3,000 kwa kila nyumba katika safari ya nyumba kadhaa, na kumwachia mteja karatasi yenye vipimo vya mchana na alfajiri, mchoro wa chumba, hesabu ya maji na orodha ya kazi kuanzia ya bei nafuu, basi amelipwa kwa ukweli. Mteja akiendelea na kazi, ada hiyo ikatwe kwenye bei. Asipoendelea, amenunua ushauri ambao utamfaa miaka mingi.

Kuna watakaosema Sh3,000 ni nyingi kwa karatasi. Sokoni Merti hakuna mtu anayelipia mbuzi kabla ya kumfungua kinywa na kuhesabu meno, na hakuna anayeona muda huo umepotea. Nyumba inastahili uangalifu uleule.

Mteja naye ana wajibu. Aulize fundi kama ana cheti cha majaribio ya ufundi kutoka NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, katika kazi za majokofu na viyoyozi, na kama kuna sola, aulize leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, kwa sababu kanuni zinataka anayefunga mifumo hiyo awe nayo. Aulize nani atarudi pampu ikiharibika, ndani ya siku ngapi, na nauli ni ya nani. Majibu yaandikwe. Neno la mdomo husahaulika barabara ikikatwa na mvua.

Kaunti ya Isiolo pia inahusika. Inajenga nyumba za wahudumu wa afya na kulipia ukarabati wa majengo ya umma. Ikidai kwenye zabuni zake kila jengo la maeneo makavu liwe na dari na matundu ya hewa kabla ya kufikiria mashine yoyote, mafundi wataiga na bei ya kazi hizo itajulikana kwa kila mtu. Kwa sasa kila mwenye nyumba anajadiliana peke yake, gizani.

Kwa msomaji aliye Korbesa, Merti, Biliqo au Garba Tula ambaye anafikiria kununua mashine ya kupoza nyumba: omba makadirio yaliyoandikwa, yenye vipimo vya hewa ya nyumba yako mwenyewe, gharama za safari zikiwa wazi, na matumizi ya maji kwa siku yakitajwa kwa lita. Karatasi isiyo na mstari wa maji, irudishe kwa aliyeiandika.